Kasi Sitini

Baba yangu mdogo alikuwa mlinzi wa geti la reli kwa miaka ishirini na sita, na watu walimwita Mzee Dakika. Ukimuuliza saa, hakukwambia "kama saa nne hivi". Alikwambia saa nne na dakika saba, tena akikutazama kwa jicho la kukusikitikia kwa kuishi ovyo. Mama mdogo, mkewe, alisema mwanamume huyo hata kutongoza alitongoza kwa ratiba. Shule aliishia darasa la saba. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, nina shahada na miwani, na nitasema mapema nisije nikaonekana najificha: katika habari hii aliyekosea ni mimi.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa cha mabati, hatua nne kwa tatu. Ndani mlikuwa na benchi, saa ya ukutani, simu kwenye kisanduku cha mbao, bendera mbili, nyekundu na kijani, na daftari kubwa la fomu. Nje, barabara ya vumbi ilikata reli, na kila upande wa reli palikuwa na kizuizi kirefu cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kukiteremsha unazungusha mpini wa mashine, sekunde arobaini kwa kila kizuizi kama mkono una nguvu. Vizuizi viwili, mashine mbili, mtu mmoja.

Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula wakati wa likizo, naye alinifundisha mchezo. Reli za njia ile ziliungwa kila baada ya mita kumi na mbili, na gurudumu likipita kwenye kiungo linagonga: ta. Yeye alishika saa, mimi nikahesabu milio kwa sekunde arobaini na tatu. Nikapata hamsini na mbili. "Basi treni inakwenda kilomita hamsini na mbili kwa saa," akasema, akaenda zake kufungua vizuizi. Nilidhani ni mchawi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kidato cha tatu, niliikalia hesabu ile na penseli. Viungo hamsini na mbili vya mita kumi na mbili ni mita mia sita ishirini na nne. Gawanya kwa sekunde arobaini na tatu, unapata mita kumi na nne na nusu kila sekunde. Zidisha kwa tatu nukta sita ili upate kilomita kwa saa, na jibu ni hamsini na mbili na ushei. Nilikimbia hadi getini kumwambia kwamba mchezo wake ni wa kweli. Akanitazama kwa huruma. "Kwani ulidhani nakudanganya miaka yote hiyo?" Kisha akasema, "Lakini hiyo ni nusu ya habari, mwanangu. Ukifumba macho, mlio ni uleule, treni iende juu au iende chini."

Ile nusu ya pili vitabu vinaiita uelekeo. Ukipima mwendo bila kujali unakwenda wapi, umepata kasi. Ukiupima pamoja na upande unakoelekea, umepata velositi. Mwanafunzi anayetembea kutoka nyumbani hadi shuleni kisha akarudi nyumbani ana kasi ya wastani, kwa sababu umbali ameukanyaga na muda umepita. Velositi yake ya wastani kwa safari nzima ni sifuri, kwa kuwa yuko palepale alipoanzia. Kila mwaka wanafunzi hucheka nikifika hapo, wanaona fizikia imewadhulumu jasho lao. Kila mwaka na mimi nilicheka nao, nikamalizia kwa kusema kwamba kwa Kiswahili cha kila siku yote mawili ni kasi tu, wasijitie homa.

Kwa mlinzi wa geti si kasi tu. Stesheni ya juu ilikuwa kilomita tisa kutoka kwake, stesheni ya chini kilomita tano. Treni inayokwenda kilomita sitini kwa saa inameza kilomita moja kila dakika. Ikitoka juu, ana dakika tisa. Ikitoka chini, ana tano. Ndiyo maana fomu za zamani, zilizokuwa kwa lugha ya kigeni, zilikuwa na safu ya tatu yenye kichwa kilichosomeka velositi, na chini yake maelezo madogo: alama ya kujumlisha kwa treni itokayo juu, alama ya kutoa kwa treni itokayo chini. Mpiga simu wa makao makuu alisoma, "Jumlisha sitini," au "Toa arobaini na tano," na baba mdogo akaandika hivyohivyo. Lugha ya fomu hakuijua. Alama alizijua kuliko mimi.

Kisha wakubwa wa reli wakaamua fomu ziwe za Kiswahili. Lilikuwa wazo jema, na mpaka leo nasema lilikuwa jema. Wakatafuta mtu anayejua lugha zote mbili na sayansi kidogo, barua ikapita ofisi ya elimu, ikaniangukia mimi. Kichwa kilinivimba. Niliifanya kazi ile Jumamosi moja alasiri, mezani jikoni, huku maharage yakichemka.

Nilipofika safu ya tatu nilisita. Nikaandika "velositi", nikalitazama. Nikamfikiria baba mdogo kwenye benchi lake, darasa lake la saba na miwani yake iliyofungwa uzi, nikajiuliza neno hili atalitafuna vipi. Nikalifuta, nikaandika "kasi". Maelezo ya jumlisha na kutoa nayo nikaona yatamchanganya mtu, maana kasi haiwi na alama ya kutoa, kila mwalimu wa fizikia anajua. Nikayakata. Niliona nimemrahisishia kazi, na nilipomaliza nilifurahi sana.

Fomu zilipochapishwa alizipokea kwa majivuno. Aliwaonyesha wapita njia, wauza mboga, waendesha mikokoteni. "Hizi ni fomu za mwanangu," aliwaambia. Miezi minne hakuna kilichoharibika, kwa sababu treni za ratiba kila mtu anajua zinatoka wapi saa ngapi. Neno langu lilikuwa limekaa kimya tu, likingoja treni isiyo na ratiba.

Ilikuja Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mpiga simu alikuwa msichana mgeni, mwenye miezi miwili tu kazini, naye alisoma fomu kama ilivyo: "Treni ya kokoto, imeondoka saa nne na kumi, kasi sitini." Baba mdogo akaandika. Machimbo ya kokoto yako upande wa juu, na treni ya kokoto siku zote huja imejaa kutoka juu. Akahesabu dakika tisa, akapanga kuanza kufunga dakika ya sita kama kawaida yake, akakaa macho ameyaelekeza juu. Hakujua kwamba treni ile ilishapita alfajiri kabla ya zamu yake, ikamwaga kokoto, na sasa ilikuwa inarudi tupu kutoka chini.

Dakika ya tano ilikuwa haijatimia aliposikia honi nyuma ya kisogo chake.

Upande wa chini reli ina kona, mita mia tatu kutoka getini. Kilomita sitini kwa saa ni mita kumi na sita na ushei kila sekunde. Mita mia tatu ni sekunde kumi na nane, tuseme ishirini ukihesabu breki. Kizuizi kimoja kinataka arobaini. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kuliko hesabu yoyote maishani, usiku na mchana, kwa penseli na kwa kichwa, nikitafuta sekunde zilizojificha mahali. Hazipo.

Yeye hakuihesabu, aliijua. Aliacha mashine, akachomoa bendera nyekundu, akakimbia. Upande wa kiwanda lilikuwa linakuja lori lenye vibarua kumi na wanane nyuma. Upande wa soko alikuwa anakuja fundi bomba kwa baiskeli, amefunga mabomba marefu kwenye karia, mabomba yanatikisika nyuma yake hata kugeuza shingo ni shida. Fundi bomba alikuwa mtu wa kumsalimu kila asubuhi. Baba mdogo alikimbilia lori. Lori likasimama. Fundi bomba aliacha mke na watoto watatu.

Jioni ile nilimkuta nyumbani kwake ameketi ukingoni mwa kitanda na viatu vya kazi mguuni. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji kilichopoa. "Hajanywa, hajasema," akaniambia. "Wewe ni mwalimu, mwambie kitu." Nilipiga magoti mbele yake nikamfungua viatu. Akaniuliza tu kama kesho nina vipindi.

Niliijua siri ya kosa siku mbili baadaye. Mama mdogo aliniletea nakala ya fomu ya siku ile, akitaka nimwandikie mumewe utetezi wenye hesabu. Niliisoma nimesimama. Safu ya tatu: Kasi, 60. Nikakaa sakafuni palepale jikoni, mgongo kwenye kabati. Jambo lililonimaliza kabisa ni kwamba yeye alikuwa ameshaliona. Mtu aliyeandika alama zile miaka ishirini na sita hawezi asione zimekwenda wapi. Aliliona, na hakunitajia.

Kamati ya uchunguzi ingeamua jambo moja: faili lake liende mahakamani kwa uzembe, au liishie pale. Likienda mahakamani, ni jela. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mkuu wangu wa shule alinishauri nisijiingize. "Utajichafua, na hutamsafisha mtu," akasema. Nilimwambia nimeshachafuka, nikaomba ruhusa ya siku moja.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, wajumbe watano, na feni isiyofanya kazi. Kwenye benchi la ukutani alikaa mjane wa fundi bomba, kajifunga khanga mabegani, mikono mapajani. Niliwaeleza wajumbe kama ninavyowaeleza kidato cha pili. Nilichora reli ubaoni, stesheni mbili, geti katikati. Nikawaonyesha dakika tisa na dakika tano. Nikaweka fomu ya zamani na fomu mpya mezani bega kwa bega.

"Hapa palikuwa na velositi," nikasema. "Velositi ina uelekeo. Mimi nikaweka kasi, na kasi haina. Alama iliyokuwa inamwambia treni inatoka wapi niliikata mimi, kwa mkono wangu. Mtu aliyeandika neno hili ndiye mzembe wenu."

Mwenyekiti, mzee mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alizilinganisha fomu muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile nilipata pumzi. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Mzee, tuambie wewe mwenyewe. Ungesomewa alama ya kutoa siku ile, ungeelewa kwamba inatoka chini?"

Baba mdogo alisimama, kofia mkononi. "Hapana, bwana mwenyekiti. Zile alama nilikuwa nanakili tu. Sikuwahi kujua maana yake."

Nilisema kwa sauti kwamba si kweli. Mwenyekiti akaniomba nikae. Nikasema tena si kweli, leteni madaftari ya zamani, muulizeni mpiga simu yeyote wa zamani. Akaniomba nitoke. Aliyaandika maneno yote ya baba mdogo, na baba mdogo akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa kulala kulia.

Nilimsubiri kwenye korido nikiwa na hasira. Alipotoka nilimshika mkono kama ninavyomshika mwanafunzi mtundu, Mungu anisamehe.

"Kwa nini, baba mdogo? Walikuwa wamekubali. Niliwaona wamekubali."

"Punguza sauti."

"Umejifunga mwenyewe kwa ajili yangu. Nani alikuomba?"

"Si kwa ajili yako," akasema. "Usijipe ukubwa. Ulimwona yule mama kwenye benchi?" Alivaa kofia, akaivua tena. "Ulitaka atoke mle ndani akawaambie wanawe baba yao ameuawa na neno? Mimi nilimwona mumewe, mwanangu. Nilimwona vizuri, nikakimbilia upande mwingine. Wacha awe na mtu wa kumlaumu."

Niliuachia mkono wake.

Alifungwa miaka miwili. Mama mdogo alihamia kwangu na mashine yake ya kushona, na kwa wiki kadhaa tulikuwa tukipishana humo ndani bila kutazamana. Alijua neno ni langu. Hakuwahi kunilaumu, na mimi ningelipa chochote anilaumu.

Ripoti ya kamati niliipata mwezi wa tatu wa kifungo chake. Ilikuwa kurasa sita. Ukurasa wa tano ulisema kwamba, kwa kuwa mlinzi mwenyewe amekiri kutozielewa alama za zamani, fomu mpya haina kasoro, tena ni rahisi zaidi, na ichapishwe kwa mageti yote ya njia nzima. Nilisoma mstari ule mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Niliipeleka ripoti jela. Tulikaa tumetenganishwa na wavu, amekonda, nywele zimenyolewa. Nilimsomea. Akauliza mageti ni mangapi.

"Arobaini na moja."

Aliegemeza paji la uso kwenye wavu akafumba macho. Nilijua anahesabu, na nilijua anahesabu nini. "Nilidhani jambo limeishia kwangu," akasema. "Andika barua. Andika kwamba nilielewa. Kila alama nilielewa, nilidanganya kamati. Nitatia sahihi."

"Watakuongezea kifungo."

"Andika, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku hiyo. Niliandika, akatia sahihi, nikaipeleka kwa mkono. Nikapeleka ya pili, na ya tatu. Karani wa mapokezi alizigonga mhuri zote kwa adabu. Wiki ya tisa, bila jibu, nilinunua kalamu ya wino mzito, nikachukua orodha ya mageti, nikaanza kwenda mwenyewe, Jumamosi moja geti moja, au mawili kama yako jirani. Najua si akili. Mageti arobaini na moja kwa mwendo huo ni mwaka mzima, na treni haingoji mwaka.

Geti la sita lilikuwa la mama mmoja mnene wa makamo, mwenye kicheko, aliyenikaribisha kwenye benchi na kunipa maji. Nilimweleza habari yote huku nimeshika kalamu, nikamwomba ruhusa niandike pembeni mwa kila fomu maneno mawili: Kutoka wapi?

"Hilo tulishaliuliza," akasema. "Tukaambiwa tusome fomu ilivyo, tusilete ujuaji."

"Waulize tena."

"Na wewe hasa ni nani katika mambo haya?"

Nilikuwa bado natafuta jibu simu ilipolia. Aliipokea, akavuta daftari, akaandika, nami nikasikia sauti ya upande wa pili, nyembamba na safi, ikisoma kama mtoto anayesoma darasani: kichwa cha treni peke yake, kimeondoka saa tano na dakika mbili, kasi hamsini. Kichwa peke yake hakina ratiba. Mama yule alinitazama. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Kutoka wapi?" akauliza kwenye simu.

Nilisikia upande wa pili karatasi zikifunuliwa, moja, mbili.

"Fomu haisemi," ile sauti ikajibu. "Ngoja nikaulize."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika nne. Yule mama hakungoja. Aliiweka simu mezani bila kuikata, akaninyooshea kidole mashine ya upande wa kulia, yeye akakimbilia ya kushoto, na kila mmoja akaanza kuzungusha mpini wake.